East Los Angeles: Makazi ya Watu Zaidi ya Laki Moja Yasiyo na Meya

East Los Angeles ni eneo la makazi lililoko katika Kaunti ya Los Angeles, Jimbo la California, nchini Marekani, kilomita chache mashariki ya kitovu cha Jiji la Los Angeles. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, eneo hili lina wakazi 118,786, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 wana asili ya Mexico au nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Wengi wao ni waamini wa Kanisa Katoliki. Lina parokia, shule, maktaba, bustani za umma, makaburi na reli ya abiria. Hata hivyo, halina meya, halina madiwani, wala halina halmashauri ya mji. Kisheria, East Los Angeles si mji.

Katika makala haya tunaeleza mahali hapa palivyo, historia ya watu wake, maana ya kuishi katika eneo lisilo na serikali yake ya mji, na namna wakazi, mara nyingi wakiwa pamoja na wachungaji wao, walivyojitafutia sauti pale ambapo sheria haikuwapa kiti. Swali hili haliwahusu watu wa California peke yao. Majiji yote makubwa yana pembezoni zake, na watu wa pembezoni hujiuliza kila siku ni nani anayewasemea.

Mahali na mipaka

East Los Angeles lina eneo la takriban kilomita za mraba 19. Upande wa magharibi linapakana na Boyle Heights, mtaa ulio ndani ya Jiji la Los Angeles. Kaskazini na mashariki liko karibu na miji ya Alhambra, Monterey Park na Montebello, na kusini lipo jirani na mji wa Commerce. Mpaka wa magharibi, kwa sehemu kubwa, unafuata barabara ya kawaida iitwayo Indiana Street. Nyumba za pande zote mbili zinafanana, lugha inayosikika ni ileile, na familia nyingi zina ndugu ng'ambo ya barabara. Lakini mkazi wa magharibi humchagua meya na diwani wa Jiji la Los Angeles. Mkazi wa mashariki hana haki hiyo.

Ndani ya eneo hili mna mitaa yenye majina ya zamani kama vile Belvedere, Maravilla na City Terrace. Jina lenyewe limehama: katika karne ya 19, "East Los Angeles" lilikuwa jina la mtaa mwingine ambao mwaka 1917 ulibadilishwa na kuitwa Lincoln Heights. Baadaye jina hilo lilishikamana na makazi haya ya mashariki zaidi. Barabara ya Whittier Boulevard ndiyo mtaa mkuu wa biashara, na juu yake limesimamishwa tao kubwa lenye jina la eneo. Kandokando ya barabara hiyo yapo makaburi ya Calvary, yaliyo chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Los Angeles na yaliyofunguliwa mwaka 1896. Karibu nayo yapo makaburi ya Wayahudi na ya Waserbia, ushahidi kwamba upande huu wa mashariki ulipokea wahamiaji wa mataifa mengi kabla ya kuwa makazi ya watu wenye asili ya Mexico.

Maana ya kuwa eneo lisilo mji

Nchini Marekani, kila jimbo hugawanywa katika kaunti, na ndani ya kaunti wakazi wa eneo fulani wanaweza kuomba kusajiliwa kuwa mji wenye mamlaka yake. Kaunti ya Los Angeles ina miji 88 ya namna hiyo. Yale maeneo ambayo hayajasajiliwa kuwa mji, wala hayajaunganishwa na mji wowote, hubaki chini ya serikali ya kaunti moja kwa moja. East Los Angeles ni mojawapo ya maeneo hayo, na ni miongoni mwa yale yenye watu wengi zaidi katika kaunti nzima.

Hii haina maana kwamba wakazi hawapati huduma. Ulinzi hutolewa na askari wa Sherifu wa Kaunti. Zimamoto ni wa kaunti. Barabara, taa, maktaba na vibali vya ujenzi husimamiwa na idara za kaunti. Shule nyingi za umma ziko chini ya mamlaka ya elimu ya Los Angeles, ambayo mipaka yake huvuka mipaka ya jiji. Wakazi hupiga kura kuwachagua wawakilishi wao katika bunge la jimbo na bunge la taifa kama raia wengine.

Tofauti inaonekana katika maamuzi ya karibu. Chombo chenye neno la mwisho ni Baraza la Wasimamizi wa Kaunti, ambalo kwa miaka mingi limekuwa na wajumbe 5 tu. Kaunti nzima ina watu milioni 10, hivyo kila mjumbe huwakilisha takriban watu milioni 2. Mkazi wa East Los Angeles anayetaka mtaro wa maji uzibuliwe, au anayepinga leseni ya duka la pombe karibu na shule, anapeleka kilio chake kwa ofisi ambayo yeye ni mmoja kati ya milioni mbili. Mnamo Novemba 2024 wapiga kura wa kaunti walipitisha hoja ya kuongeza wajumbe kutoka 5 hadi 9. Hata mabadiliko hayo yatakapotekelezwa, kila mjumbe atabaki na watu zaidi ya milioni moja.

Kuna pia suala la mapato. Duka likiuza bidhaa ndani ya mji, sehemu ya kodi ya mauzo huingia katika hazina ya mji huo. Duka hilohilo likiwa katika eneo lisilo mji, sehemu hiyo huenda kwa kaunti. Ndiyo maana mipaka ya miji ya California ilichorwa kwa jicho la hesabu. Mji wa Commerce, ulioandikishwa mwaka 1960, ulikusanya ndani ya mipaka yake viwanda, maghala na reli zilizokuwa kusini ya East Los Angeles. Leo mji huo una wakazi 12,000 na ushei, na mapato yake yanauwezesha kuendesha mabasi ambayo abiria hawalipi nauli. Majirani zao wa East Los Angeles, ambao ni karibu mara kumi kwa wingi, walibaki na nyumba nyingi na viwanda vichache. Hata chuo cha umma kiitwacho East Los Angeles College, kilichoanzishwa mwaka 1945, hakimo tena katika eneo lenye jina lake: mwanzoni mwa miaka ya 1970 sehemu kilipojengwa iliunganishwa na mji wa Monterey Park.

Watu waliofika, na imani waliyokuja nayo

Los Angeles yenyewe ilianzishwa tarehe 4 Septemba 1781 na walowezi 44 waliotoka kaskazini ya Mexico ya leo, chini ya utawala wa Hispania. Msomaji wa Afrika atapenda kujua kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na asili ya Kiafrika. Baada ya uhuru wa Mexico mwaka 1821, nchi hiyo ikawa yake. Kisha, baada ya vita, mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848 ukaikabidhi California kwa Marekani. Hivyo watu wenye asili ya Mexico hawakuwa wageni California. Ni mpaka uliowavuka wao kwanza.

Wimbi kubwa la wahamiaji lilifika katika karne ya 20. Mapinduzi ya Mexico yaliyoanza mwaka 1910 yaliwang'oa watu wengi, na reli, mashamba na viwanda vya Los Angeles vilihitaji mikono yao. Viwanja vya Belvedere na Maravilla vilikuwa nafuu kwa sababu vilikuwa nje ya jiji: barabara hazikuwa na lami, na huduma zilikuwa chache. Kwa familia ya mfanyakazi iliyokataliwa kupanga nyumba katika mitaa mingine kwa sababu ya asili yake, hapo ndipo palipokuwa na mlango uliofunguka.

Kisha wakaja wakimbizi wa dini. Kuanzia mwaka 1926 serikali ya Rais Plutarco Elías Calles ilitekeleza kwa nguvu sheria zilizolibana Kanisa. Ibada za hadhara zilisitishwa, mapadre walifukuzwa au kuuawa, na waamini wa vijijini wakashika silaha katika vita vinavyojulikana kama vita vya Wakristero, vilivyomalizika mwaka 1929. Miongoni mwa waliouawa kwa sababu ya imani katika dhuluma hizo, 25 walitangazwa kuwa watakatifu na Mtakatifu Yohane Paulo II tarehe 21 Mei 2000. Maelfu waliokimbia walivuka mpaka, na wengi wakatua upande wa mashariki wa Los Angeles.

Mwaka 1931, miaka 400 tangu Bikira Maria alipomtokea Mtakatifu Juan Diego katika kilima cha Tepeyac mwaka 1531, wakimbizi hao waliandaa maandamano ya kumheshimu Mama Yetu wa Guadalupe katika mitaa ya East Los Angeles. Jambo ambalo nchini kwao lingeweza kuwagharimu maisha, huku walilifanya barabarani, mchana, kwa nyimbo na mabango. Maandamano hayo yameendelea hadi leo, na yanahesabiwa kuwa maandamano ya kidini yenye umri mkubwa kuliko yote katika Los Angeles. Kwa miaka mingi yamekuwa yakihitimishwa kwa Adhimisho la Misa Takatifu katika uwanja wa michezo wa East Los Angeles College. Parokia, vyama vya kitume, wacheza ngoma za jadi na vikundi vya familia hutembea pamoja, kila kundi na bango lake. Kwa eneo lisilo na ukumbi wa halmashauri, siku hiyo ndiyo siku ambayo watu hujiona wao wenyewe kuwa mwili mmoja.

Sauti isiyo na kiti

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakazi wenye asili ya Mexico walianza kujiandikisha kupiga kura kwa wingi. Mwaka 1949 Edward Roybal alichaguliwa kuwa diwani wa Jiji la Los Angeles akiwakilisha eneo lililojumuisha Boyle Heights. Majirani wa mashariki ya Indiana Street walishangilia, lakini hawakuwa na kura katika uchaguzi ule. Mwaka 1958 Roybal aligombea kiti katika Baraza la Wasimamizi wa Kaunti, nafasi ambayo ingewagusa moja kwa moja, naye akashindwa baada ya kura kuhesabiwa tena na tena.

Mnamo Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari za upande wa mashariki, ikiwemo Garfield High School iliyoko East Los Angeles, walitoka madarasani kudai shule bora. Walilalamikia majengo mabovu, walimu waliowakataza kusema Kihispania, na ushauri uliowaelekeza kwenye kazi za mikono badala ya vyuo vikuu. Shule hiyohiyo baadaye ilipata sifa kwa sababu ya Jaime Escalante, mwalimu mzaliwa wa Bolivia aliyeanza kufundisha hapo mwaka 1974. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani wa taifa wa hisabati ya juu. Matokeo yao yalipotiliwa shaka, waliokubali kurudia mtihani walifaulu tena. Shaka yenyewe ilikuwa somo: watu hawakutarajia ufaulu wa aina hiyo kutoka mahali kama hapo.

Tarehe 29 Agosti 1970, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 30,000 waliandamana katika Whittier Boulevard kupinga Vita vya Vietnam, ambamo vijana wenye asili ya Mexico walikuwa wakifa kwa idadi kubwa kuliko uwiano wao katika taifa. Wengi walikuja na watoto. Askari wa Sherifu waliingia katika bustani walipokuwa wamekusanyika, na siku ikageuka kuwa ya moshi na damu. Watu watatu walipoteza maisha. Mmoja wao alikuwa Ruben Salazar, mwandishi wa Los Angeles Times na mkurugenzi wa habari wa kituo cha televisheni cha Kihispania, aliyepigwa kichwani na bomu la machozi lililofyatuliwa na askari wa Sherifu alipokuwa ameketi ndani ya baa ya Silver Dollar. Bustani hiyo, iliyoitwa Laguna Park, leo ina jina lake.

Kiti katika baraza la kaunti kilichelewa kwa miaka mingine 20. Mwaka 1990 mahakama ilikubali kwamba mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya kaunti ilikuwa imechorwa kwa namna iliyogawanya kura za Walatino, nayo ikaamuru ichorwe upya. Mwaka 1991 Gloria Molina akawa mtu wa kwanza mwenye asili hiyo kuchaguliwa katika Baraza la Wasimamizi katika karne ya 20, na mwanamke wa kwanza kuingia humo kwa kuchaguliwa na wananchi.

Barabara kuu na hewa wanayovuta

Eneo lisilo na meya ni rahisi kupitishwa mambo ambayo wengine wamekataa. Kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, barabara kuu za mwendo kasi zilikatwa katika upande wa mashariki wa Los Angeles moja baada ya nyingine. East Los Angeles leo limepasuliwa na barabara ya 60 inayokwenda mashariki, barabara ya 710 inayoshuka kuelekea bandari ya Long Beach, na barabara ya 5. Nyumba nyingi zilibomolewa, parokia zikatenganishwa na waamini wake, na malori ya bandarini hupita usiku na mchana karibu na madirisha ya vyumba vya watoto.

Viwanda vya miji jirani huongeza mzigo. Katika mji wa Vernon kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofungwa moja kwa moja mwaka 2015, baada ya vumbi la madini ya risasi kutua katika makazi yaliyokizunguka, likiwemo East Los Angeles. Serikali ya Jimbo la California imekuwa ikichimba na kubadilisha udongo wa maelfu ya viwanja vya nyumba. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto taratibu, bila kelele. Kodi ya kiwanda iliingia katika mji mwingine; vumbi lake halikujali mpaka.

Kanisa lilipokosolewa, na lilipotoka barabarani

Haitakuwa haki kusema kwamba Kanisa lilikuwa daima mstari wa mbele. Mkesha wa Noeli wa mwaka 1969, Wakatoliki vijana wenye asili ya Mexico waliandamana katika kanisa jipya la Mtakatifu Basili jijini Los Angeles, wakihoji ni kwa nini fedha nyingi zimejenga kanisa la fahari huku parokia za maskini wa mashariki zikikosa shule na huduma. Baadhi yao walikamatwa. Kilio chao kiliwauma wengi, na hakikupita bure. Mwaka 1971 Padre Juan Arzube, mzaliwa wa Ecuador, aliwekwa wakfu kuwa Askofu msaidizi wa Jimbo Kuu la Los Angeles, naye akawa karibu na watu wa upande wa mashariki.

Katikati ya miaka ya 1970, kwa msaada wa Askofu Arzube, parokia za eneo hili ziliunganika na kuunda umoja uitwao UNO. Mapadre, watawa na walei walifundishwa kufanya jambo moja rahisi: kwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza ni nini kinachowaumiza watu. Jibu halikuwa siasa kubwa. Watu walisema bima ya gari. Dereva wa East Los Angeles alilipa zaidi kuliko dereva mwenye rekodi kama yake anayeishi kwingineko, kwa sababu tu ya anwani yake. Padre Luis Olivares, Mklareti aliyekuwa paroko wa Parokia ya Mama Yetu wa Upweke, ambayo wenyeji huiita La Soledad, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampeni hiyo. Wanaparokia walikusanya bili zao, wakazilinganisha, wakawaita wakuu wa makampuni na wa serikali mbele ya mikutano mikubwa, na viwango vikashushwa.

Miaka hiyohiyo, yaani mwaka 1976, Maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi na kuthibitisha Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika Afrika Mashariki. Mazingira ni tofauti, lakini hatua ya kwanza inafanana: Kanisa kuanzia katika nyumba za watu, si katika ofisi.

Muongo uliofuata, serikali ya California ilipanga kujenga gereza karibu na makazi ya upande wa mashariki. Wanawake wa Parokia ya Ufufuko, iliyoko Boyle Heights, wakiongozwa na akina mama kama Juana Gutiérrez na kusaidiwa na paroko wao, Padre John Moretta, waliunda kundi lililoitwa Akina Mama wa East Los Angeles. Walivaa vitambaa vyeupe kichwani na kuandamana wiki baada ya wiki. Jina lilivuka Indiana Street bila kuomba ruhusa, kwa sababu tatizo nalo lilikuwa limevuka. Baada ya miaka kadhaa mpango wa gereza ulifutwa, na tanuru la kuchomea taka lililokusudiwa kujengwa Vernon halikujengwa.

Majaribio ya kuwa mji

Wakazi wamejaribu zaidi ya mara moja kulifanya East Los Angeles kuwa mji kamili. Mwaka 1961 kura ilipigwa na hoja ikashindwa kwa tofauti ndogo. Mwaka 1974 ilipigwa tena, nayo ikashindwa. Wapinzani hawakuwa watu wa nje tu. Wazee wenye nyumba waliogopa kodi mpya, na wenye maduka waliogopa ada na kanuni za ziada. Kwa mtu aliyelipa nyumba yake kwa miaka 30 ya kazi ya kiwandani, hofu hiyo haikuwa ya kupuuzwa.

Jaribio lingine lilifikia tamati Februari 2012, pale tume inayosimamia mipaka ya serikali za mitaa katika kaunti ilipokataa ombi. Sababu ilikuwa hesabu: mapato yaliyotarajiwa yasingetosha kulipia polisi, barabara na huduma nyingine. Mwaka mmoja kabla, Jimbo la California lilikuwa limewanyima miji mipya sehemu ya ada za magari ambazo hapo awali ziliwasaidia kuanza. Mwaka 2024 suala hili lilirudi tena katika bunge la California, na bado linazungumzwa katika mikutano ya wakazi.

Hapa ndipo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanapotusaidia kufikiri, ingawa hayatupatii jibu la hesabu. Mwaka 1931, mwaka uleule ambao wakimbizi wa Mexico walianza maandamano yao, Papa Pio XI katika waraka wake Quadragesimo Anno alifafanua kanuni ya auni. Kwa maneno mepesi, kanuni hii husema kwamba jambo ambalo familia au jumuiya ndogo inaweza kulitenda yenyewe, jumuiya kubwa isiwanyang'anye. Na pale jumuiya ndogo inaposhindwa, jumuiya kubwa ina wajibu wa kuiauni ili isimame, si kuimeza.

Wanaotaka mji wanashika upande wa kwanza wa kanuni: watu zaidi ya laki moja wanaweza kuamua wenyewe kuhusu taa na bustani zao. Wanaosita wanashika upande wa pili: mji ukizaliwa bila mapato utakuwa na meya, lakini hautakuwa na fedha za kuziba shimo barabarani. Pande zote mbili zina ukweli. Tunaloona sisi ni kwamba ufukara wa East Los Angeles haukuanguka kutoka mbinguni. Mipaka ya jirani zake ilichorwa ili ichukue viwanda na kuacha watu. Kuwaambia leo kwamba hawana mapato ya kutosha kujitawala ni kusema kweli nusu, iwapo hatusemi pia mapato yalikwenda wapi. Auni ya kweli ingeanza hapo.

East Los Angeles leo

Idadi ya wakazi imepungua kutoka 126,496 mwaka 2010 hadi 118,786 mwaka 2020. Mnamo tarehe 15 Novemba 2009 reli ya abiria ilifika, ikiwa na vituo vya Indiana, Maravilla, East LA Civic Center na Atlantic. Tangu mwaka 2023 treni hizo huunganisha eneo hili na pwani ya Santa Monica bila abiria kubadilisha treni. Reli imewaletea wakazi wepesi wa kwenda kazini, na pamoja nao wasiwasi wa kodi za nyumba kupanda.

Utamaduni wa eneo hili umevuka mipaka yake zamani. Bendi ya Los Lobos ilianzishwa hapa mwaka 1973 na vijana waliokutana Garfield High School, na bondia Oscar De La Hoya alitoka hapa kwenda kushinda medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Michoro ya ukutani, mingi ikiwa na sura ya Mama Yetu wa Guadalupe, hupamba maduka, shule na kuta za nyumba.

Parokia za La Soledad, Mama Yetu wa Lurdi na Mtakatifu Alfonso zinaendelea kuadhimisha Misa kwa Kihispania na Kiingereza. Zimo ndani ya Jimbo Kuu lenye waamini wengi kuliko majimbo yote ya Kanisa Katoliki nchini Marekani, linaloongozwa tangu mwaka 2011 na Askofu Mkuu José Gomez, ambaye yeye mwenyewe ni mhamiaji mzaliwa wa Monterrey, Mexico. Katika kumbi za parokia hizi hufanyika mafundisho ya Komunyo ya kwanza, ugawaji wa chakula, ushauri wa sheria kwa wahamiaji, na mikutano kuhusu udongo wenye risasi na taa zilizokufa mtaani. Mikutano ya aina hiyo, katika mji wa kawaida, ingefanyika katika jengo la halmashauri. East Los Angeles bado halina jengo hilo, na wakazi wake bado wanaujaza ukumbi wa parokia.